Kikulacho Ki Betrini Mwako

Kwanza kabisa, hakikisha kwamba huhitaji kipimo cha betri. Mwenye shida ya kweli hununua kile kivoltimita kidogo chenye tarakimu nyekundu, akafunga nyaya mbili, akaenda kulala. Wewe si mtu wa hivyo. Una betri ya volti 12, ampea-saa 7, ndogo kama tofali la kuchoma, inayowasha balbu tatu na kuchaji simu za nyumba nzima. Una Jumapili yote mbele yako. Na umeshamtangazia mkeo kwamba kuanzia leo hakuna tena kuzimikiwa taa bila taarifa.

Nenda Kariakoo. Unataka bodi moja ya maikrokontrola, hizi za chipu ya ATmega328P, vitaa vitano vya LED vya kuonyesha chaji iliyobaki, rezista kadhaa, na regyuleta ya 7805 ya kushusha volti 12 ziwe 5. Muuzaji atakuuliza, "Ya original au ya kawaida, bosi?" Zote mbili atazitoa kwenye boksi moja. Chukua original, lipa zaidi, roho itulie.

Pini ya chipu hii haivumilii zaidi ya volti 5, kwa hiyo usiifunge moja kwa moja kwenye betri, labda kama unapenda harufu ya plastiki inayoungua. Weka rezista mbili zifuatane: ya kilo-omu 33 upande wa chanya, ya kilo-omu 10 upande wa hasi, na waya wa pini uutoe katikati yao. Hapo volti za betri zitagawanywa kwa 4.3. Ukizikosea, ile kubwa ikakaa upande wa hasi, chipu haitakufa, maana rezista zenyewe zinabana mkondo. Itasoma tu 1023, namba ya juu kabisa inayoijua, asubuhi, mchana na usiku. Utakuwa na betri iliyojaa milele. Namfahamu mtu aliyeishi na furaha hiyo wiki mbili. Simtaji jina, tunavaa viatu vimoja.

Sasa ndipo penye utamu. Chipu huzikata volti 5 vipande 1024. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika huwa na volti kama 12.7; iliyofika nusu, kama 12.2; iliyokwisha, kama 11.8. Zipitishe kwenye rezista zako, na chipu itasoma 605, kisha 581, kisha 562. Yaani maisha yote ya betri yako, toka shangwe hadi giza, yanapita katika kichochoro cha namba 43. Zile nyingine zaidi ya 900 umezilipia bure.

Na kwenye kichochoro hicho unapitisha rezista zenye mstari wa dhahabu. Mstari ule si urembo. Unasema thamani iliyoandikwa yaweza kukosea asilimia 5, juu au chini. Safari nzima kutoka 12.7 hadi 11.8 ni asilimia 7. Juu ya hayo, siku ya majaribio bodi yako inakula umeme wa kompyuta kwa waya wa USB, na waya ule ukiwa mwembamba unaweza kufikisha volti 4.8 badala ya 5. Chipu haina habari. Inapima kitambaa kwa futi iliyokatwa ncha. Betri ya 12.2, nusu kabisa, itasoma 605, na vitaa vyote vitano vitawaka kwa pamoja. Usishtuke. Waite watoto, piga picha.

Mtu makini angeshika multimita, akapima volti halisi za betri na zile 5 za regyuleta, akaziingiza kwenye programu. Lakini mtu makini tulishaachana naye aya ya kwanza.

Kuna ugonjwa mmoja utauona usiku wa kwanza: kitaa cha tatu kinawaka, kinazima, kinawaka, kwa sababu betri imesimama mpakani. Dawa yake ni kuiambia programu isome mara 16, ichukue wastani, na isibadilishe kitaa mpaka namba ipite mpaka kwa vipande viwili vitatu. Mistari michache tu. Nilitumia siku tatu.

Wenye betri za lithiamu za fosfeti ya chuma waishie hapa. Volti zake hulala palepale karibu 13 kwa sehemu kubwa ya safari, halafu zinaanguka ghafla. Kipimo chako kitakuwa cha kwanza kushangaa.

Kitundike ukutani, watu wakione. Saa saba mchana, jua linachaji, volti zimepanda hadi 14: vitaa vitano. Saa mbili usiku, balbu zote na simu nne: kitaa kimoja chekundu. Betri yenyewe haijashuka kiasi hicho. Volti hupanda ikichajiwa na huzama ikitumika, na ili useme kweli lazima ipumzike saa kadhaa bila kuguswa. Sasa nenda kawaambie wa nyumbani kwako wasiiguse. Mama watoto aliitazama balbu ya sebuleni mara moja tu, akasema, "Imebaki kidogo, chajini simu zenu." Dakika kumi baadaye kipimo changu kikakubaliana naye.

Ila siri kubwa ya kazi hii niliijua tuliporudi harusini Muheza. Tulikaa wiki nzima, na paneli nilikuwa nimeishusha na kuifungia chumbani, kwa ajili ya wezi. Balbu zote zilizimwa, simu zote tulikuwa nazo. Betri tuliiacha imejaa, tuliikuta kavu. Nilimtuhumu mpangaji. Nilimtuhumu muuza betri. Kisha nikakaa na karatasi: vitaa vitano, miliampea 10 kila kimoja, 50, chipu na bodi, kama 15, regyuleta, 5 za kwake mwenyewe. Jumla 70. Ampea-saa 7 ukizigawa kwa hizo unapata saa 100, siku nne na kidogo. Kipimo kilikuwa kimeitazama betri ikifa, kwa uaminifu mkubwa, huku kikiinyonya. Na betri ya asidi ikilala tupu siku kadhaa hairudi kuwa ileile. Yangu sasa haifiki alfajiri.

Kwa hiyo weka kitufe kati ya betri na kipimo, kiwake pale tu kinapobonyezwa. Ni bei ya andazi. Nunua viwili, cha kwanza watoto watakimaliza siku hiyohiyo.