Sifa za Likizo Isiyoombwa

Malenga wetu wameusifu uzuri, wamezisifu mvua, mashujaa na hata tambuu. Lakini sijapata kumwona aliyesimama mbele ya kadamnasi akaisifu likizo isiyoombwa, yaani zile siku zikaazo baina ya kazi iliyokwisha na kazi isiyojulikana itakuja lini, ambazo kila mfasiri, mpiga picha na fundi wa kujitegemea huzijua kuliko azijuavyo sikukuu za mwaka. Na kwa kuwa hisani isiyoshukuriwa ni dhuluma, nami hivi sasa ni miongoni mwa waliokirimiwa likizo hiyo, nimeona ni wajibu wangu kuitolea shukrani kwa wino, ambao ndio mali pekee iliyosalia nyumbani.

Tuanze na nasaba. Kabla ya merikebu za moshi, nahodha wa jahazi kutoka Omani au Hadhramaut aliteremka kwa pepo za kaskazi, zivumazo kiasi cha Desemba hata Machi, na akiisha kuuza tende zake na papa mkavu hakuwa na la kufanya ila kukaa Lamu, Mombasa au Unguja, akingoja kusi imrudishe kwao. Katika kungoja huko watu walizoeana, wakaposa, wakazaa. Na lau manahodha wale wangalikuwa na ajira ya kudumu isiyowapa nafasi ya kukaa barazani, baadhi yetu tusingekuwa na babu.

Siku hizi likizo hii haingoji pepo, bali bajeti. Hapa Tanzania mwaka wa fedha wa Serikali huisha 30 Juni. Basi Mei na Juni ofisi hukimbizana na mafungu yaliyobaki, na mfasiri hapati usingizi, hata Julai ikiingia akaambiwa kwamba fungu jipya halijatoka, na simu ikanyamaza. Ni katika unyamavu huo inapoangukia 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ambapo lugha hii adhimu husifiwa majukwaani kwa hotuba ndefu. Na wafasiri huzisikiliza zote, tangu dua hata neno la shukrani, kwa utulivu mkubwa, maana hakuna aliyewapa cha kufasiri.

Lakini fadhila kubwa za likizo hii ziko mtaani. Mwenye kazi akifiwa na jirani hutuma rambirambi kwa simu. Asiye na kazi hukabidhiwa jembe. Ndiye achimbaye kaburi, ashikaye daftari la michango, afuataye turubai na viti, na akirejea hukuta shangazi amekwisha mpangia kumpeleka mjukuu hospitali, kwa hoja isiyo na jawabu: “Wewe, mwanangu, si upo upo tu?” Hivyo mtu hupanda cheo katika wiki chache, na wazee waliokuwa wakimjua kwa kisogo wakamwita kwa jina lake la utotoni.

Na muuza duka! Yule wa kwetu, ambaye sote humwita Mangi, huitambua likizo yangu kabla sijaikiri mwenyewe. Nikiagiza mchele kilo 2 mahali pa kilo 5, huinua macho, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akalifungua daftari lililolainika kwa mafuta na unga, akaniinamia ili wateja wengine wasisikie: “Niandike, kaka?” Sauti ile ya chini sijaisikia kwa tajiri wangu yeyote, wao hunitajia kila shilingi wanipayo kwa sauti ya mnadani. (Mwenye nyumba, adaiye kodi ya miezi 6 kwa mpigo, naye hunijulia hali kila alfajiri, lakini ukarimu wake nitausifu siku nyingine.)

Wako mahasidi wasemao kuwa likizo hii haina mapumziko ndani yake, kwa sababu aliye nayo hulala na simu kifuani, hutoka uani kutazama kama mtandao umeondoka, na humsihi rafiki ampigie ili ahakikishe kwamba inaita. Sikatai, bali nauliza ni mwajiriwa gani wa kudumu aitunzaye simu ya kazi kwa mahaba kama hayo.

Wala likizo hii haina hiana ya kumtoroka mtu siku riziki inapofika. Simu ikilia Ijumaa jioni, msemaji akazitaka kurasa zake Jumatatu asubuhi, nami nikakesha nikazimaliza na kuzipeleka, hufahamishwa kwa upole kwamba malipo hutoka siku 30 baada ya ankara kupokelewa, na kwamba itakatwa kodi ya zuio, asilimia 5. Ama kupokelewa kwenyewe, kumechelewa kidogo, kwani afisa mhusika yuko likizo, ile ya aina ya pili, inayolipwa.