Jinsi ya Kuuza Chakula Sauti za Busara na Kufilisika kwa Heshima

Kwanza hakikisha unajua kupika. Si lazima ujue sana. Inatosha shangazi yako awe amesema, siku ya hitima, kwamba pilau yako haina neno. Chakula cha hitimani hakijapata kulalamikiwa na mtu, kwa hiyo huo ni ushahidi tosha wa kukopa pesa na kwenda kufungua meza tamashani.

Tamasha lenyewe unalijua. Lilianza 2004, hufanyika Februari, na kitovu chake ni Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe, Unguja. Ngome hiyo waliijenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwatimua Wareno, ili adui asiingie. Kuta zake hazijaisahau kazi hiyo. Jaribu kupitisha langoni seredani mbili, karai, meza na mabeseni saa kumi jioni, wakati mafundi nao wanapitisha spika.

Sasa chagua cha kuuza. Usichague kimoja. Ng'ambo ya barabara tu, Forodhani, utamkuta kijana wa pizza ya Kizanzibari: anatandaza unga hadi unaona mkono wake kwa chini, anatia kima, kitunguu na yai, anakunja, anatupa kwenye tawa. Hicho hicho, kila siku, mwaka hadi mwaka, na foleni yake haikatiki. Huyo si wa kuigwa, hana ndoto. Wewe andika vyakula kumi na kimoja, na urojo uwe wa kwanza, kwa sababu bakuli moja la urojo linahitaji rojo la moto, viazi, bajia, kachori, mishikaki, yai, chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo za kunyunyiza juu. Mikono miwili haitoshi, na ndiyo maana tunaanza nao. Hiyo chatne itengeneze alfajiri. Joto la Februari litaichachusha ifikapo magharibi, na wateja watadhani ni ndimu.

Fungasha kwa mifuko ya plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku hata kabla ya Bara kufanya hivyo 2019, kwa hiyo hakuna atakayekuwa nayo ila wewe.

Hapa naomba utulie, maana ndipo biashara ilipo. Wauzaji wazoefu wanajua jambo ambalo hawatakwambia: wateja hawaji usiku kucha. Bendi ikiwa jukwaani, mbele ya meza yako ni wewe na nzi. Bendi ikishuka na inayofuata haijapanda, ngome nzima inakumbuka kwa pamoja kwamba haijala tangu mchana. Una dakika kumi na tano, labda ishirini, kisha ngoma inalia na wote wanakukimbia, akiwemo yule aliyekwisha kuagiza. Usiku wote wa mauzo ni vipande vichache vya namna hiyo. Mama mwenye mishikaki anaiivisha wakati watu wanacheza. Wakigeuka tu, iko tayari kwenye sinia, chenji imepangwa kwa noti, na pesa ya mkono wa kushoto anaipokea bila kununa. Basi ukitaka kufilisika sawasawa, washa mkaa pale msanii anaposema asanteni.

Tena usiangalie ratiba ya wasanii. Ukiiangalia utagundua kwamba wasikilizaji wa taarabu wanakaa kitako, wanataka kahawa na visheti na muda wa kusengenya, na hao hata urojo wanaumudu. Mchiriku wa Dar ukianza, watu wanaruka, na mtu anayeruka anataka maji na kitu chenye kijiti. Wewe mpe bakuli la urojo wa moto. Atakayemwagikiwa ni mtalii mwenye nguo nyeupe, huwa ni yeye daima. Zamani palikuwa na udhuru mmoja tu wa kuiacha meza: marehemu Bi Kidude akipanda jukwaani, hata mpishi alitupa mwiko akaenda kutazama, na hakuna aliyemlaumu. Siku hizi mwiko unatupwa kwa wasanii wa kawaida kabisa.

Bei usiiandike popote. Waandaaji nao wana bei ya tiketi kwa mgeni na kwa mwenyeji, ila wao wanaitangaza. Wewe soma viatu. Mwenye makubadhi, elfu nne. Mwenye lafudhi ya Arusha, elfu saba. Aliyeungua na jua mabegani, dola kumi. Mpango huu ni mzuri hadi watatu hao wasimame foleni moja na waanze kuzungumza, au hadi yule Mzungu aliyekaa Bububu miaka ishirini akuinamie na kusema taratibu: "Ami, jana ulinipa kwa elfu nne."

Taa usibebe. Kuna watakaokukumbusha kwamba Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme kwa sababu ya hitilafu kwenye njia ya kutoka Bara, na tamasha likafanyika hivyo hivyo. Waambie tamasha lina jenereta. Kwamba jenereta hiyo ni ya spika, si ya friji lako la juisi ya ukwaju, utaambiwa na fundi mwenyewe usiku.

Nunua kila kitu mwaka mzima mapema, na fulana za wahudumu zichapishwe tarehe kubwa mgongoni. Waliofanya hivyo kwa ajili ya 2016 wanazo bado. Mwaka huo tamasha halikufanyika, fedha hazikutosha.

Na wahudumu wenyewe wawe ndugu. Mpwa wako atapokea pesa, na kwa kuwa yeye ni kijana wa muziki, atakuwa mbele ya jukwaa nazo mfukoni. Shemeji atakuja na rafiki zake sita: "Shemeji, tunaonja tu." Watu sita wanaoonja wanamaliza sinia la mishikaki, halafu wanauliza kama ipo ya pweza. Tuseme sinia lina vijiti thelathini na kila kijiti ni elfu moja. Usifanye hesabu hiyo mbele ya shemeji, utaonekana huna adabu. Mwambie mkeo, naye atakuuliza ulitaka kaka yake akale kwa nani.

Usiku wa mwisho, masufuria yakishaoshwa, wahi kwa waandaaji ukaombe nafasi ya mwakani. Waombe iliyo kubwa zaidi: shemeji ameshasema mwakani anakuja na ofisi nzima.