Yah: Mswada Wangu Uliolala Kwenu

Ndugu Mkurugenzi wa Uchapishaji (jina la kampuni nalihifadhi, maana mswada bado uko kwenu na mimi si mjinga),

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na ujenzi wa taifa. Mimi sijambo, isipokuwa moyo, ambao hushtuka kila simu inapoita, nikidhani ni nyinyi, kumbe ni kikoba wanadai hela yao.

Madhumuni ya barua hii ni kutoa shukrani. Mwezi ujao mswada wangu unatimiza miaka saba ofisini kwenu. Dada yangu alijifungua wiki ileile niliyouleta. Mtoto yule sasa anajua kusoma. Pacha wake wa kwenye bahasha bado hajasomwa.

Siku ile naikumbuka. Kurasa 212, zimechapwa steshenari ya karibu na stendi na binti aliyekuwa akinisahihisha majina ya wahusika bila kuombwa. Dada wa mapokezi aliipima bahasha mkononi kama mtu anayenunua nyama, akaiweka juu ya nyenzake, akasema, "Tutakupigia."

Nilirudi mara kadhaa kuulizia. Mara ya tatu niliukuta mlango wa ofisi umeegemezwa rundo la bahasha za kaki ili upepo usiubamize. Ya tatu kutoka chini ilikuwa na mwandiko wangu. Shuleni tulikaririshwa dhima za fasihi katika jamii: kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kuhifadhi utamaduni. Kuzuia mlango haikuwemo kwenye notisi. Nikaona walimu wetu walitupunja.

Mwaka wa tatu mliniandikia. Barua ilikuwa ya aya mbili na imejaa upendo. Kazi ni nzuri, mlisema, ila haina soko. Anayenunua kitabu nchini ni mwanafunzi, kwa hiyo niitengeneze iweze kuingia shuleni. Niondoe busu la ukurasa wa 88. Na mwisho wa kila sura niweke maswali, pamoja na majibu yake.

Busu nililiondoa. Sasa wale wawili wanapata mtoto sura ya kumi bila hata kupeana mkono. Nilijifariji kwa Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka 1971, ikazuiwa shuleni, kisha ikaja kusomwa shuleni humohumo. Pengine na busu langu litapata msamaha siku moja.

Maswali ndiyo yaliyonishinda. Si yote. Lile la "Taja wahusika wakuu" nililijibu vizuri tu. Lililonikwamisha ni la pili, sura ya saba, nililolitunga mwenyewe kwa mkono wangu: Kwa nini Bi Mwanaidi alicheka msibani?

Ndugu Mkurugenzi, sijui.

Naomba unielewe ilivyokuwa. Saa tisa usiku, umeme umekatika, naandika kwenye kaunta buku juu ya meza ya kupigia pasi, kibatari kinaninusisha moshi. Maiti ya mumewe iko ndani, kina mama wamekaa mkekani, na mimi nimeshamwandalia Bi Mwanaidi chozi. Chozi zuri, nilikuwa nimelibeba tangu mchana kazini, na sentensi yake nimeifanyia mazoezi njia nzima. Kalamu ilipofika pale, yule mama akacheka. Nikafuta, nikamliza. Sura nzima ikachacha. Nikalirudisha chozi mahali pengine, nikamliza kwa kwikwi, nikamliza kimyakimya, wapi. Usiku wa tatu nikakirudisha kicheko chake, na msiba mzima ukainuka na kuanza kutembea, majirani wakaanza kutazamana, shemeji akatoka nje. Niliogopa, nakwambia kweli. Katika kurasa 212 ule ndio ukurasa pekee ambao sikuwa bosi. Ndio pekee pia ninaoweza kuusoma leo bila kuona haya.

Sasa nyinyi mnataka sababu, kwa alama tano.

Nilijaribu. Niliandika "kwa sababu ya uchungu uliopitiliza". Nikaandika "kuonyesha migogoro ya ndoa katika jamii", jibu ambalo linafaa kwa swali lolote la fasihi, hata ambalo halijaulizwa. Mwisho nikaenda kwa mama yangu, ambaye amezika watu wengi kuliko niliowaandika mimi. Akasikiliza, akaendelea kuchambua mchele. "Umemuuliza mwenyewe?" akasema.

Wala silalamiki kuhusu muda. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, miaka mingi forodhani, na vitabu vyake aliandika huku akila mshahara wa ukarani. Alifariki 1962, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka 1968, naye ameshalala kaburini Machui miaka sita. Kwa kipimo hicho mimi nina haraka za kitoto. Tena sheria imenifikiria: ile ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi yangu uhai wangu wote na miaka 50 baada ya kufa. Inalinda tu, haisemi itoke lini. Nimepiga hesabu. Mkinichapa mwaka wa arobaini wa kaburi langu, wajukuu watakula mrahaba miaka kumi mizima.

Nimalizie kwa habari njema. Juzi kwenye daladala, nimesimama, nimebanwa kati ya ndoo ya dagaa na begi la mwanafunzi, nikajua kwa nini Bi Mwanaidi alicheka. Lilinijia lote kwa mkupuo, nikapitiliza vituo viwili. Ni jambo dogo, linaenea kwenye mstari mmoja, nalo linaipindua sura ya saba na kuifanya ya nane isiwe na kazi.

Jibu mlilolitaka, basi, lipo. Nimeliandika kwa mkono, nikalitia kwenye bahasha ya kaki, liko chini ya godoro. Mnakaribishwa nyumbani kuulizia, siku yoyote, saa za kazi. Mtamkuta binti yangu mlangoni. Nimeshamfundisha la kuwajibu: "Tutawapigia."

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye bahasha ya tatu kutoka chini