Difu Kubwa, Gari Dogo

Aibu ya kujiundia gari haimpati mtu gereji. Humsubiri kwenye taa za barabarani. Kijani inawaka, mwenye gari anakanyaga mafuta, injini inanguruma, tairi moja la nyuma linafuka moshi, na gari lenyewe halijaondoka. Pembeni, gari la familia lililosheheni watoto na mizigo linampita taratibu bila kelele, na mtoto wa kiti cha nyuma anageuka kumtazama kwa huruma. Tairi moja kuzunguka bure kwenye tope hakumshangazi mtu. Hapa pana lami kavu, na gari ni la mbio, angalau kwa umbo. Kinachoudhi zaidi ni kwamba chini ya gari hilo, mara nyingi, imefungwa difu kubwa kuliko zote zilizokuwa sokoni. Nashikilia kwamba ukubwa huo ni sehemu ya ugonjwa. Gari jepesi halihitaji difu yenye misuli. Linahitaji uwiano unaolifaa, na chuma kichache kadiri inavyowezekana.

Tuchukue magari ya Uingereza yanayofuata mkondo wa Lotus Seven, ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957 na Caterham wakalirithi mwaka 1973. Gari la namna hiyo huweza kuwa na kilo 550 tu: halina paa la maana, halina milango ya maana, na heshima ya abiria haikuwekwa kwenye hesabu. Wanaojiundia nyumbani wamezoea kuvua difu ya Ford Sierra, gari la familia lililotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1993, kwa sababu difu yake imeshikizwa kwenye bodi badala ya kurukaruka pamoja na ekseli. Sierra za kawaida zilikuwa na krauni, yaani gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, ya inchi 7, na zile kali, kama Cosworth, zilipewa ya inchi 7.5. Nusu inchi hiyo imewatia watu wazima wazimu. Kila mmoja anataka ya 7.5, na ukimuuliza sababu atakujibu kwamba ya 7 itavunjika.

Itavunjwa na nani? Difu haijui injini yako ina farasi wangapi. Inachokijua ni kiasi ambacho matairi yanakubali kupokea, maana tairi likishateleza, nguvu iliyozidi haina tena pa kukamatia. Gari letu likiondoka kwa kasi, uzito unaokandamiza magurudumu ya nyuma, dereva akiwemo, ni kama kilo 400. Kwa tairi la 185/60 la inchi 13 kwenye lami nzuri, nguvu ya kuzungusha ambayo ekseli inaweza kushusha barabarani ni takriban niutonimita 1,060. Sasa tazama kinachopelekwa: injini yenye niutonimita 160, izidishe kwa gia ya kwanza ya giaboksi ya Ford Type 9, ambayo ni 3.65, kisha kwa uwiano wa difu, 3.62. Unapata zaidi ya 2,100. Injini inatuma mara mbili ya kile barabara inachoweza kupokea, na nusu inayobaki ndiyo ule moshi wa kwenye taa. Difu hiyohiyo ya inchi 7 ilikuwa ikihimili Sierra yenye zaidi ya tani moja, watu watano, na pengine trela ya likizo nyuma. Kuiogopea chini ya gari la kilo 550 ni kumfunga tembo kamba ya meli halafu kutafuta nyingine nene zaidi ya kumfungia mbuzi.

Wapo watakaouliza habari za kuachia klachi ghafla. Swali ni la haki. Mshtuko wa injini inayozunguka kasi, ukikutana na matairi ya mashindano yanayonata, unaweza kung'oa meno ya pinioni, na difu ndogo ya inchi 6 ya Mazda MX-5 za kwanza za 1.6 imejipatia sifa mbaya kwa waliofunga turbo. Anayeshindana hivyo kila wiki na anunue kubwa kwa amani. Lakini wengi wa hawa wanakwenda kunywa chai Jumapili asubuhi.

Uwiano ndio unaostahili kukesha nao, na ndio unaopuuzwa. Watu huamini tarakimu kubwa ni kasi kubwa, basi wanafunga 4.3. Kwa 3.62, injini ya mizunguko 7,000 inamaliza gia ya kwanza kwenye kilomita 55 kwa saa. Kwa 4.3 inaimaliza kwenye 46, na nguvu uliyojiongezea inaishia kwenye moshi uleule, kwa sababu matairi yalikwisha kukataa tangu mwanzo. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 112 katika gia ya tano, 3.62 inazungusha injini karibu mara 3,200 kwa dakika, 4.3 inaifikisha 3,800, masikioni mwa mtu asiye na paa.

Na tairi moja kuzunguka peke yake? Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa pande zote mbili, kwa hiyo upande dhaifu ndio unaoamua. Difu ya aina ya Torsen huzidisha kile tairi dhaifu linachokishika, lakini tairi likiinuka hewani linashika sifuri, na sifuri hata ukiizidisha mara tatu inabaki sifuri. Difu ya sahani za msuguano hubana hata hapo. Kwa barabara za kawaida, mguu mtulivu ni nafuu kuliko zote mbili.

Wapo pia waliofunga difu chini juu wakajikuta na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Wapo waliozungusha gurudumu moja tu wakihesabu propela shafti, wakapata 1.81, nusu tu ya 3.62, wakadhani wamevumbua kitu.

Hapa ucheshi unaniishia. Muuzaji anayeshauri "chukua kubwa usije ukajuta" hailipii, haibebi, wala hakati na kuchomelea upya mabano ili ienee. Kibandiko cha uwiano kimeshapotea, naye anauza hivyohivyo kwa bei ya jina la Cosworth, huku mwenye Cosworth halisi, anayeihitaji kweli, akishindwa kuipata.

Ukikuta ya inchi 7 yenye 3.62, haivuji, na haivumi ukiizungusha, inunue. Pesa itakayobaki, nunua matairi mazuri.