Samaki Anayekula Manyoya

Sisi watu wa Mombasa samaki tunamjua: mtilie ngisi kwenye ndoana, atakuja, usipomtilia, atakwenda zake. Trauti wa mito ya Nyandarua hana hesabu hizo. Shemeji yangu wa Nyeri alipoona kikopo cha ngisi niliokuja nao kwenye barafu kutoka pwani, alikirudisha garini upesi.

"Huku hatutii chambo, shemeji. Ni nzi wa bandia tu."

Nzi mwenyewe ni kindoana kilichofungwa uzi na manyoya ya jogoo. Nikauliza samaki anashiba nini hapo. "Hashibi," akasema. "Anadanganyika."

Si mwenyeji, samaki huyu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwaleta trauti wa Loch Leven, Scotland, akawatia mto Gura. Grogan ni yule aliyepata sifa kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, kwa hiyo kusumbuka kwake kulikuwa starehe. Sisi je? Trauti hutaka maji ya baridi, yenye oksijeni nyingi, ndiyo maana Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, huko huko Nyandarua, imemkubali. Miguu yangu ilikataa mara moja.

Halafu kuna kurusha. Mshipi wa pwani unautupa mbele, basi. Huu lazima kwanza uupeleke nyuma, na nyuma kuna msitu. Nilivua vichaka. Nikavua kofia ya shemeji, ikaenda na maji. Kisha nikavua sweta ya askari wa wanyamapori aliyetusindikiza. Alisimama kimya, bunduki begani, nami nikimnasua ndoana mgongoni kwa adabu zote. Kumkwangua mtu mwenye bunduki si jambo la haraka.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe. Mviziaji humjia kwa nyuma, ameinama. Nikainama, nikatambaa hadi ukingoni.

"Mzee," askari akanong'ona, "rudi polepole. Nyati."

Alikuwa ng'ambo, akinywa maji papo hapo nilipopalenga. Akanywa, akaingia, akasimama katikati kama mwenye kiwanja. Tulimngoja garini hadi mvua ikaanza.

Jioni, nyumbani kwa shemeji, tulikaanga ngisi.

Ukitaka kwenda, lipia kibali cha kuvua, vaa sweta mbili, na kofia uazime ya mtu usiyemwogopa.