Mlinzi wa Korosho Ana Kibarua cha Pili

Hongera, jirani yangu wa Bungu. Umefunga kamera juu ya ghala la korosho, na kila apitaye unamwona kwenye simu, mpaka mbuzi wa shangazi. Neno la siri umeliacha lile lile la kiwandani, admin, maana wewe si mtu wa kujikweza.

Basi usishangae mlinzi wako akipata kibarua Marekani. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilizunguka dunia kikibisha hodi kwenye kamera na ruta, mkononi kina maneno ya siri ya kiwandani 60 hivi tu, na milango ikafunguka. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo la vifaa vilivyotekwa likaielemea Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikizielekeza simu na kompyuta kwenye tovuti nyingi. Twitter na Netflix zikakwama. Wenye kamera wengi hawakujua lolote, picha zilionekana vizuri. Bando wakalipa wao. Ukarimu ulioje!

Dawa yake haihitaji fundi kutoka Dar. Ichomoe kamera kwenye intaneti, izime, iwashe, ubadilishe neno la siri, ndipo uiunganishe tena. Na usiweke 12345: hilo nalo limo kwenye orodha ya Mirai.