Sifa za Mheshimiwa Kanitangaze

Wengine na wawasifu sato na sangara. Mimi leo namsifu kanitangaze, nondo wa kijivu wa milimita sita hivi. Akinoga mashambani, sado ya nyanya pale Kirumba, Mwanza, hupanda bei mpaka mnunuzi anaishika kwa mikono miwili.

Huyu si wa kuokotwa. Ni wa familia ya Gelechiidae, ukoo wa nondo wadogo wenye spishi zaidi ya 4,500. Ndugu zake tunawafahamu: mmoja hula viazi, mwingine hukaa ndani ya vitumba vya pamba, wa tatu hutoboa mahindi ghalani. Msukuma aliyelima pamba, akaweka mahindi, kisha akavuta maji ya ziwa kwa pampu anyweshee nyanya, ameukirimu karibu ukoo mzima bila kupewa hata asante.

Kazini ni hodari. Jike hutaga mayai mpaka 260, na kiwavi hujichimbia ndani ya jani lenyewe la mnyanya, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Mkulima anapuliza dawa. Mwenzake yuko ndani, anakula.

Lakini fahari yake hasa ni vyeo. Mwaka 1917 Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Uingereza aliyewapa majina nondo zaidi ya 14,000, alimpokea kutoka Peru akamwandika Phthorimaea absoluta. Meyrick alitazama mishipa ya mabawa, wala hakupenda habari za kupasua viungo vya uzazi. Waliomfuata hawakuwa na haya hiyo. Wakapasua, wakachungulia, wakamhamishia jenasi ya Gnorimoschema, kisha Scrobipalpula, kisha Scrobipalpuloides (hilo usilitamke una tonge mdomoni), na mwaka 1994 Mcheki Dalibor Povolný akampeleka Tuta. Alipoonekana Arusha mwaka 2014, wakulima hawakumngoja Mcheki: wakamwita kanitangaze, naye akajitangaza mwenyewe nchi nzima. Mabwana shamba walikuwa wamekwisha kulizoea Tuta pale wataalamu, mwaka 2021, walipomrudisha Phthorimaea, jenasi moja na yule ndugu yake wa viazi. Waziri gani amehamishwa mara tano, akarejea kiti chake cha kwanza, na muda wote huo posho haikukatika?

Najua watasema ni mgeni. Kwani sangara ni mwenyeji? Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akawatafuna furu, na leo tunauza minofu yake Ulaya kifua mbele. Kwa hiyo naiomba halmashauri ya jiji imjengee kanitangaze sanamu karibu na ile ya samaki kwenye mzunguko. Fundi achonge "absoluta" kwa patasi, kwa kuwa hilo halijawahi kuguswa. Jina la kwanza aliandike kwa chaki.